Maswali ya Wasomaji: Kilomita za Angani na Muda wa Safari

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu jambo moja: umbali wa angani kati ya viwanja viwili vya ndege vya kanda, na muda ambao safari huchukua kwa kweli. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitafuta kwenye tovuti moja umbali kati ya viwanja viwili vya kanda ninavyovitumia ninaposafiri kikazi, nikaambiwa ni kilomita 400 na kwamba safari huchukua nusu saa. Tiketi yangu inaonyesha saa 1 na dakika 15, na ndege yenyewe ni ya pangaboi. Nimwamini nani, na kwa nini tofauti ni kubwa kiasi hicho?

JIBU: Ndugu msomaji, umbali uliopewa na tovuti ni sahihi, lakini kwa upande wa muda iamini tiketi.

Tovuti za aina hiyo huchukua latitudo na longitudo za nukta moja katika kila kiwanja, ambayo kwa kawaida huwa katikati ya njia ya kurukia ndege, kisha hukokotoa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa dunia kati ya nukta hizo mbili. Hesabu hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Digrii 1 ya latitudo ni takriban kilomita 111 popote duniani, na karibu na ikweta digrii 1 ya longitudo nayo ina urefu kama huo. Tuseme viwanja vyako viko jirani na ikweta na vimeachana kwa digrii 3 za latitudo na digrii 2 za longitudo: upande mmoja utakuwa kilomita 333, wa pili kilomita 222, na ukijumlisha vipeo vyake vya pili kisha ukatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, unapata kilomita 400. Mbali na ikweta longitudo hukaribiana, kiasi kwamba kwenye latitudo ya 60 digrii 1 haizidi kilomita 56. Kwa hiyo huko ni lazima upande wa longitudo uzidishwe kwanza kwa kosaini ya latitudo. Marubani, ambao hupima kwa maili ya baharini yenye mita 1,852, wangesema safari hiyo ni ya maili 216.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza pale tovuti inapozigawa kilomita hizo kwa kasi moja tu, aghalabu kilomita 800 kwa saa, kana kwamba ndege huzuka angani ikiwa na kasi hiyo na kufika mwisho wa safari ikiwa nayo bado. Hiyo ni kasi ya ndege ya jeti iliyokwisha kufika kimo chake cha safari. ATR 72, ambayo ni mojawapo ya ndege za pangaboi zinazotumika sana kwa safari fupi, husafiri kwa takriban kilomita 510 kwa saa, na Cessna Caravan ya injini moja haifiki hata kilomita 350. Kwa kubadilisha aina ya ndege peke yake, ile nusu saa yako imekuwa dakika 47, na bado hatujaihesabu dakika hata moja ya kupanda, kushuka wala kutembea ardhini.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye egesho lake, kabari za magurudumu zikiwa zimetolewa, na huisha inaposimama kwenye egesho la kiwanja cha pili. Katika viwanja vingi vya kanda hakuna barabara ya pembeni inayofika hadi mwisho wa njia ya kurukia, kwa hiyo ndege huingia kwenye njia yenyewe, huifuata yote polepole hadi mwisho, hugeuka hapo mzima mzima na ndipo huanza kukimbia kwa ajili ya kuruka. Wakati huo wote hakuna ndege nyingine inayoweza kutua wala kuruka. Abiria aliye dirishani huziona taa za kandokando ya njia zikimpita moja moja kwa mwendo wa baiskeli. Hizo ni dakika za safari kamili, ingawa kilomita zinazopunguzwa ni chache mno, na pengine ndege inaelekea upande ulio kinyume na unakokwenda.

Baada ya kuruka, ndege ya pangaboi huhitaji takriban dakika 17 kufikia futi 17,000, na katika kupanda huko kasi yake juu ya ardhi ni ndogo, hivyo hupita kiasi cha kilomita 100 tu. Kushuka nako huanza mapema kuliko abiria wengi wanavyodhani. Marubani wana kanuni ya kukadiria kwamba kila futi 1,000 za kushuka zinadai maili 3 za baharini za kwenda mbele, maana yake ni kwamba ndege iliyo futi 17,000 huanza kuteremka ikiwa bado na maili 51, yaani zaidi ya kilomita 90, mbele yake. Ukijumlisha, karibu nusu ya kilomita zako 400 zinapitwa ndege ikiwa inapanda au inashuka, na ni ile nusu ya katikati tu inayopitwa kwa kasi kamili ya mwendo wa juu, ilhali tovuti imetumia kasi moja kwa safari nzima.

Mstari wenyewe haubaki ulivyochorwa. Ndege hufuata njia za angani zinazounganisha vituo vilivyopewa majina ya herufi tano, hukwepa maeneo yaliyofungwa, hupanda kwanza upande fulani pale penye milima, na wingu la radi kali likitokea, ushauri wa usalama ni kulipita kwa umbali usiopungua maili 20. Maili 216 zinaweza kuwa 235 bila mtu yeyote kukosea.

Kwa makadirio yangu, basi, safari yako inajengeka hivi: dakika 13 za ardhini kwa viwanja vyote viwili, dakika 17 za kupanda, dakika 29 za mwendo wa juu, na dakika 16 za kushuka na kujipanga kwa ajili ya kutua. Jumla ni dakika 75, ambazo ndizo saa 1 na dakika 15 za tiketi yako. Ungepanda jeti kwenye njia hiyohiyo usingefika kwa nusu ya muda huo, kwa sababu dakika za ardhini zingebaki zilezile, nayo ingehitaji kupanda juu zaidi, na katika anga za nchi nyingi hairuhusiwi kuzidi maili za baharini 250 kwa saa ikiwa chini ya futi 10,000. Ungeokoa robo saa, labda dakika ishirini.

Kadiri safari inavyokuwa fupi, ndivyo kilomita zinavyopungua nguvu ya kuamua muda wake, na miisho yake miwili ndiyo inayoamua. Safari ya kilomita 400 ukiilinganisha na ya kilomita 200 haitakuwa ndefu maradufu kwa saa. Itaizidi kwa dakika ishirini na kitu tu. Ningependa sana tovuti hizo ziandike wazi kwamba zinachotoa ni muda wa mwendo wa juu peke yake. Baadhi huongeza nusu saa kwa ajili ya kuruka na kutua, na hizo hukaribia ukweli zaidi, lakini msomaji haambiwi ni ipi imeongeza na ipi haikuongeza, na kuna watu wanaopanga mikutano na safari za kuunganisha kwa kutegemea takwimu hiyo.

SWALI: Kwa nini ratiba inaonyesha saa 1 na dakika 5 kwenda, na saa 1 na dakika 20 kurudi, wakati umbali ni uleule na ndege ni ileile?

JIBU: Sababu ya kwanza ni upepo. Ndege husafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe ikiwa inakwenda, basi ndege huchukuliwa nayo. Chukua ATR yenye kasi ya maili za baharini 275 kwa saa katika hewa tulivu, na upepo wa maili 40 kwa saa. Upepo ukiisukuma kutoka nyuma, kasi yake juu ya ardhi ni maili 315 kwa saa, na maili 216 huisha kwa dakika 41; ukiwa upepo wa mbisho, unaokuja usoni, kasi hushuka hadi maili 235 kwa saa na umbali uleule hudai dakika 55.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulikosea, nalo linastahili kuangaliwa kwa makini. Hufikiriwa kwamba upepo ukikunyima dakika kurudi, ulikwisha kukupa dakika hizohizo kwenda, na kwa hiyo jumla haibadiliki. Hesabu yetu inakataa: dakika 41 na 55 ni 96, ilhali katika hewa tulivu safari mbili za dakika 47 ni 94. Hasara hutokea kwa sababu upepo wa mbisho haukupunguzii kasi tu, bali pia unakukamata kwa muda mrefu zaidi, wakati upepo wa nyuma unakufaidi kwa muda mfupi. Katika safari fupi ni dakika mbili, lakini kwa jeti inayokwenda maili 450 kwa saa kwenye njia ya maili 3,000, upepo wa maili 100 hufanya kwenda kuwe saa 5 na dakika 27 na kurudi saa 8 na dakika 34. Jumla inazidi ile ya hewa tulivu kwa dakika 41. Nguvu ya upepo wa juu katika safari ndefu ilionekana wazi mwezi Februari 2020, pale ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilipotoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na mkondo wa hewa wa juu uliokuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Ndege za pangaboi huguswa kidogo na mikondo hiyo, maana ATR hairuki juu ya futi 25,000, na kiini cha mikondo hiyo kwa kawaida huwa juu zaidi ya hapo.

Sababu ya pili ni njia ya kurukia. Ndege huruka na kutua ikiuelekea upepo. Namba iliyoandikwa mwanzoni mwa njia ni mwelekeo wake kwa makumi ya digrii, hivyo 09 huelekea mashariki na 27 huelekea magharibi. Ikiwa upepo unatoka mashariki na wewe unakwenda magharibi, ndege itaruka kuelekea mashariki, ipande, kisha izunguke na kurudi karibu na pale ilipoanzia kabla haijaanza kukupeleka unakokwenda. Kwa anayerudi, upepo huohuo hulazimisha kutua kuelekea mashariki, na kwa kuwa anatokea magharibi, anaingia moja kwa moja. Kiwanja ni kimoja na upepo ni mmoja, lakini mmoja amepoteza dakika kadhaa na mwingine hakupoteza hata moja. Aidha, viwanja vingi vya kanda vina mitambo ya kuongozea kutua upande mmoja tu wa njia, na mawingu yakiwa chini, rubani hulazimika kuutumia upande huo, hata kama unamzungusha.

Ipo pia sababu ya tatu ambayo haitajwi sana. Pale penye rada, waongozaji wa ndege huweza kuzitenganisha ndege mbili zinazofuatana kwa maili 5 za baharini. Pasipo na rada wanategemea taarifa za marubani kwa redio, na nafasi inayohitajika mara nyingi ni dakika 10. ATR katika dakika 10 hupita maili 46. Ukiwa wa pili katika foleni ya kuelekea kiwanja cha namna hiyo, utasubiri, ama ardhini injini zikiwa zinazunguka au angani ukizungushwa, na shirika la ndege lililowahi kuiona foleni hiyo kila siku huziingiza dakika hizo kwenye ratiba tangu mwanzo. Ratiba hutungwa kwa kuangalia safari zilizopita zilichukua muda gani, pamoja na akiba kidogo. Ndiyo maana siku isiyo na foleni mnatangaziwa kwamba mmefika kabla ya wakati.

SWALI: Dunia inazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Je, ndege inayoelekea magharibi haipaswi kufika upesi zaidi, kwa kuwa kiwanja kinaifuata?

JIBU: Hapana. Ni kweli kwamba kwenye ikweta uso wa dunia husogea kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, lakini hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege iliyosimama uwanjani tayari inazunguka kwa kasi hiyohiyo kabla haijaruka. Kama hewa isingezunguka pamoja na ardhi, ikweta ingevumiwa na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa mchana na usiku. Kinachobaki kwa rubani ni ile tofauti ndogo kati ya mwendo wa hewa na mwendo wa ardhi, nayo ndiyo tunayoiita upepo. Mzunguko wa dunia una mkono wake katika kuielekeza mikondo mikubwa ya hewa kwenda mashariki katika latitudo za kati, kwa hiyo huathiri safari, ila kwa kupitia upepo, na mara nyingi anayefaidika katika latitudo hizo ni yule anayeelekea mashariki.

SWALI: Kwenye skrini ya ndege niliona njia yetu imepinda kama upinde. Kwa nini hawakwenda moja kwa moja ili kupunguza umbali?

JIBU: Walikwenda moja kwa moja, ramani ndiyo iliyopinda. Uso wa mviringo hauwezi kulazwa kwenye karatasi bila kuvutwa, na njia fupi ya kweli, inayoitwa duara kuu, mara nyingi huonekana kama upinde kwenye ramani bapa. Chukua nukta mbili zilizo kwenye latitudo ya 60 kaskazini, moja upande huu wa dunia na nyingine upande wa pili kabisa. Mstari ulionyooka kwenye ramani, unaofuata latitudo hiyo, una takriban kilomita 10,000. Njia inayopita juu ya ncha ya kaskazini ina kilomita 6,670 hivi.

Kwa viwanja vya kanda vilivyo umbali wa kilomita mia chache, tofauti hii ni ndogo kiasi cha kutostahili kuhesabiwa. Ukiona njia ya safari fupi imepinda, tafuta sababu katika milima, mawingu au foleni.

SWALI: Nitatua kwenye kiwanja kikubwa 12:10, na ndege yangu ya pili inaondoka 13:00. Tiketi nilizinunua mbalimbali. Dakika 50 zinanitosha?

JIBU: Sikushauri uzitegemee. Saa 12:10 ni wakati ndege inaposimama kwenye egesho, kabla ya mlango kufunguliwa na kabla ya ngazi kuletwa. Katika takwimu za usafiri wa anga, ndege inayochelewa kwa chini ya dakika 15 bado huhesabiwa kuwa imefika kwa wakati, kwa hiyo dakika hizo usizihesabu kuwa zako. Upande wa pili, 13:00 ni wakati ndege inapoondoka egeshoni, na lango la kuingilia hufungwa mapema, kwa mashirika mengi robo saa au zaidi kabla. Kwa hiyo, bila mtu yeyote kuvunja ratiba, dakika 50 zinaweza kubaki 20, na ndani ya hizo unapaswa kushuka, pengine kuchukua mzigo, kuusajili upya na kukaguliwa. Usajili wa mizigo wa ndege ya pili huenda ukawa umefungwa kabla hujatua.

Tofauti kubwa iko kwenye neno lako "mbalimbali". Kila kiwanja huwa na muda wa chini uliowekwa wa kuunganisha safari, na mifumo ya kuuzia tiketi haikubali kuuza tiketi moja yenye nafasi pungufu ya hapo. Ukichelewa kwa tiketi moja, kwa kawaida shirika ndilo hukutafutia ndege nyingine. Kwa tiketi mbili zisizohusiana, shirika la pili linakuona kama abiria ambaye hakutokea. Badilisha ndege ya pili, uchukue inayofuata, hata kama italazimu kukaa uwanjani saa tatu.

SWALI: Tiketi yangu inasema ninaondoka 10:00 na kufika 10:10 katika nchi jirani, kisha narudi 12:00 na kufika 14:20. Safari moja ni dakika 10 na nyingine saa 2 na dakika 20?

JIBU: Kila saa iliyochapishwa kwenye tiketi ni ya mahali husika: ya kuondokea ni ya kule unakoondoka, na ya kufikia ni ya kule unakofika. Nchi unayokwenda iko nyuma kwa saa moja. Njia isiyokosea ni kuzigeuza zote kuwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia, ambazo ndizo marubani na waongozaji wa ndege huzitumia duniani kote. Ikiwa nchi yako iko saa 3 mbele ya UTC na ile nyingine saa 2 mbele, basi unaondoka 07:00 na kufika 08:10 kwa UTC, na unarudi 10:00 na kufika 11:20. Kwenda ni saa 1 na dakika 10, kurudi ni saa 1 na dakika 20, na zile dakika 10 za ziada ni za upepo na njia ya kurukia, kama tulivyoeleza juu. Ikiwa nchi mojawapo husogeza saa zake mbele na nyuma kwa majira, angalia tofauti ya tarehe ile utakayosafiri, wala si ya siku uliyonunua tiketi.